UV mu akwariamu ya mayi ya chumvi: namna ya kuifunga na kuitumia na hii kuranti yetu ya Lubumbashi

Ba ndugu, maswali inarudiaka paka ile ile. UV (ile bomba yenye lampi ndani, ya kuua bidudu bya mu mayi) itaponyesha samaki yangu? Niifunge wapi? Lampi inawaka bluu lakini mayi iko paka chafu, juu ya nini? Basi naandika yote pamoja, na mwenzako akiuliza tena umutumie hii. Naandikia mutu mwenye tayari eko na akwariamu ya korali ku nyumba, baki ya lita 150 mupaka 500 hivi, inatembea, samaki iko na korali iko. Kama bado unatafuta chumvi na mawe, malizia ile kwanza, UV itakungoja.

Mbele ya kutosha dollar yako, weka hii mu kichwa: UV inaua paka kile kinapita ndani yake. Kidudu chenye kimeingia mu ngozi ya samaki, algi yenye imekamata ku jiwe, bakteria za mu muchanga, hizo zote haziwezi kuona ule mwangaza hata siku moja. Karibu maswali yote ya bale banaanza inaishia hapo.

Inafanya nini kwa kweli

Ndani ya ile bomba kuko lampi ya zebaki, inatoa mwangaza ya UV-C ya nanometa 254. Macho haiione. Ile bluu unaona ni mwangaza ingine tu inatoka pamoja nayo, usiifanye ushahidi. UV-C inaharibu ADN ya kidudu, hakizae tena, kinaisha. Dozi yenye kidudu kinapokea inatoka ku bintu mbili: nguvu ya lampi, na muda mayi inakaa mbele ya lampi. Mayi ikipita mbio dozi inashuka, ikipita pole pole inapanda. Bale banatengenezaka hizi mashini banaandika mara mingi milijuli 30 mupaka 45 ku sentimeta ya mraba kwa bakteria na algi za kuelea, na 90 ao zaidi kwa bidudu bikubwa kama bile bya madoa meupe. Teori inatosha hapo.

Inasaidia nini: mayi ya kijani juu ya algi za kuelea, mayi nyeupe kama ya muchele juu ya bakteria, na aina fulani ya dinoflajelati, ile uchafu ya kahawia yenye mapovu inafunika muchanga na korali. Ku magonjwa ya samaki, inapunguza hesabu ya bidudu bya kuogelea. Inapunguza, ndio nimesema. Haiponyeshe.

Haisaidie nini: nitrati, fosfati, algi ya ku kioo, nyuzi za kijani ku mawe, na metali. Hii ya metali naisemea sana juu siye tunaikala juu ya shaba, muji yenyewe ilianza mu 1910 juu ya shaba, na mayi ya forage zetu zingine inaweza kuwa nayo. Shaba kidogo sana inaua kamba, konokono na korali, na UV haigusi hata kidogo. Mayi ya kuchanganya chumvi ipite mu filtre ya osmozi mupaka kipimo cha TDS (bintu byenye bimeyeyuka mu mayi) isome 0. UV haiko filtre, wala haikamate ile kazi.

Bintu ya kutayarisha

- UV yenyewe, yenye kitiyo cha kioo cha kwatsi ndani. Kioo ya kawaida inazuia UV-C, kwatsi inaiacha ipite.
- Pompi ndogo yake peke yake. Usitegemee ile kubwa ya kurudisha mayi kama haujui kuigawanya.
- Tiyo laini ya kipimo kimoja na midomo ya UV, na kolie za plastiki ao za inoksi nzuri. Chuma ya kawaida inaota kutu mbio mu chumvi.
- Robine moja ya plastiki ya kupunguza mayi.
- Shoseti ya filtre ao pamba ya filtre ya kukamata uchafu mbele ya UV.
- Disjonteri diferansieli ya miliamperi 30, ile yenye inakata kuranti ikivuja. Hii hapana ya kujadili.
- Gresi ya silikoni kidogo, vinegre nyeupe, kitambaa laini, alkoli.
- Jwenti (ile mpira ya kuzuia mayi isivuje) na kwatsi ya akiba, na lampi ya akiba kama unaipata. Hapa kwetu hauwezi kuamka asubui uende kuinunua, bintu bya mayi ya chumvi bingi binapita ku mupaka wa Kasumbalesa na binachelewa.
- Bidoni ya lita 10, simu ya kuhesabu sekunde, na feltre ya kuandika tarehe.

Angalisho juu ya kununua. Kuko lampi banauzisha ku soko na jina ya UV, kumbe ni sawa na ile bakambisti banatumiaka kuangalia kama dollar iko ya kweli. Ile ni UV-A, urefu ya mwangaza ni nanometa 365 ao 395 hivi, haiui kitu mu mayi yako. Soma karatasi: inapashwa kuandika UV-C, 254 nm ao 253,7 nm. Kama muuzishaji hajui, acha.

Ingine: benye banaagiza ku intaneti banapokea mashini ya Marekani, volti 110 ao 120. Hapa tuko na 220, hertzi 50. Ukichomeka vile, balasti (kile kifaa kinapatia lampi kuranti) inaungua papo hapo. Transfo inaweza kushusha volti lakini haibadilishe hertzi, na pompi zingine na balasti zingine zinasumbuka juu ya hiyo. Nunua ya 220-240 V, umalize maneno.

Kuifunga, hatua kwa hatua

1. Hesabu mayi ya kweli. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimeta, ugawanye na 1000, unapata lita. Kiisha toa mawe na muchanga, ongeza mayi ya baki ya chini (ile ya pili, chini ya akwariamu, ya kuchujia mayi). Akwariamu ya "lita 300" mara mingi ndani yake kuko mayi ya lita 240 hivi.

2. Amua unataka kazi gani. Kama ni kusafisha mayi tu, ile UV yenye karatasi yake inasema inatosha lita zako, itatosha. Kama ni dinoflajelati, batu bengi mu hii kazi banahesabu wati 1 kwa kila lita 10 hivi, ni mingi kuliko karatasi inasema, na mayi ya akwariamu yote ipite ndani mara 1 mupaka 3 kwa saa. Kama ni bidudu bya ugonjwa, unataka wati mingi na mayi ya pole. Mutu mwenye kutaka UV ya wati 5 imufanyie yote matatu ku lita 400, anajidanganya, kwangu ni afazali akae bila.

3. Chagua fasi. Muzuri kupita yote: pompi inavuta mayi yenye tayari imepita mu shoseti, UV inairudisha moja kwa moja mu akwariamu ya juu. Uchafu wa mu mayi unafanya kivuli, kidudu kinapita nyuma ya uchafu na hakipati kitu, njo maana ya kuchuja kwanza. Kosa ya kila mara ni kuvuta na kurudisha mu chumba kimoja cha baki ya chini: mayi ile ile inazunguka mu UV, na mayi ya juu kwenye samaki iko haipiti. Kwa dinoflajelati fanya ingine: vuta ku akwariamu ya juu, rudisha ku akwariamu ya juu, kila upande wake, juu usiku zile aina zinaachana na muchanga na kupanda mu mayi, na pale njo unazikamata.

4. Fungula UV ku meza, juu ya taulo. Usikamate lampi na vidole bule, mafuta ya mukono inabakia ku kioo, na kama umeigusa ipanguse na alkoli. Angalia kwatsi ku mwangaza ya dirisha: ufa mudogo kama unywele unatosha kukataa.

5. Pakaa jwenti gresi ya silikoni, kidogo tu. Hapana vazlini, hapana mafuta ya kupika, inaharibu mpira. Kaza kifuniko na mukono. Ufunguo wa fundi uache mu sanduku yake, plastiki ikipasuka haina dawa.

6. Isimamishe. Mayi iingie chini, itoke juu, vile hewa yote inapanda na kutoka. Kama nafasi inakulazimisha kuilalisha, midomo yote mbili iangalie juu. Hewa ikibakia ndani, upande moja wa kwatsi unakauka, unapata moto, chumvi inaganda pale kama jiwe. Ikamate na ubao ao ukuta, usiiache ining'inie ku tiyo.

7. Funga tiyo na kolie, na robine uiweke ku kutoka kwa pompi ao nyuma ya UV, popote mukono unafika bila kulala chini ya meza. Usiikunje tiyo. Mayi ya chumvi inapenda kupita pa kolie yenye haikukazwa, na utajua siku utaona unga mweupe.

8. Kuranti sasa. Nyuma ya disjonteri ya nyumba, ku laini ya akwariamu, weka ile diferansieli ya miliamperi 30, kama haujui muite elektrisiye, ni kazi fupi. Kamba ya UV ishuke chini kuliko prizi kiisha ipande, vile tone la mayi likifuata kamba linaanguka chini, haliingie mu prizi. Ralonji isilale chini kwenye mayi inaweza kumwangika. Na pompi ya UV na UV yenyewe ziwe ku multiprizi moja, yenye buto moja: ikizima moja, ingine inazima.

9. Washa pompi peke yake, lampi bado. Ache itembee mupaka kesho yake. Pitisha karatasi ya jikoni kavu ku kila muungano, ikiloa, kaza ao fungula urudilie. Watu banaruka hii hatua juu bako na haraka ya kuona bluu, kiisha banapangusa sakafu usiku.

10. Pima mayi inapita. Weka mudomo wa kutoka mu bidoni ya lita 10, kwa kimo kile kile chenye utaiweka, hesabu sekunde mupaka ijae. 36 000 gawanya na sekunde, unapata lita kwa saa. Bidoni ikijaa na sekunde 40, ni lita 900 kwa saa. Usiamini namba ya ku sanduku ya pompi, ile banapima bila kupandisha mayi, bila tiyo, bila UV. Kiisha fungula ao punguza robine mupaka ufike ku namba yako.

11. Washa lampi. UV nyingi ziko na kidirisha kidogo ao mudomo wa plastiki wenye unapitisha mwangaza, utaona bluu pale, inatosha. Usifungule kwa kuangalia lampi ikiwaka bule! UV-C inachoma macho, na haisikie papo hapo: maumivu inakuja masaa nyuma, kama muchanga mu macho, na ngozi inaungua pia. Batoto ya nyumba bajue hii.

12. Andika tarehe ku ubavu wa UV na feltre. Siku, mwezi, mwaka. Utaona juu ya nini.

Wiki ya kwanza

Mayi ya kijani ao nyeupe itaanza kusafika mu siku chache. Kama hakuna kitu chenye kimebadilika mu wiki moja, nenda ku sehemu ya matatizo kule chini. Vile bidudu bingi vinakufa pamoja, vinaoza na kula oksijeni, ekimeri yako (ile mashini ya povu) itajaza kikombe mbio kuliko kawaida, imwange kila siku na uongeze mawimbi ya juu ya mayi. Badilisha shoseti pia, itaziba.

Kama ulikuwa unapigana na dinoflajelati, tia makala ya filtre mu baki ya chini, juu aina kama Ostreopsis inatoa sumu ikikufa. Na makala ya filtre ni ile ya akwariamu, hapana ile ya kupikia, naandika juu hapa Lubumbashi makala iko ku kila kona na kuna mutu atajaribu. Kuko aina ingine, Amphidinium, yenye inalala paka mu muchanga hata usiku. Kwa ile UV haitafanya kitu kubwa, usinunue juu yake. Namna ya kupima ni rahisi: angalia muchanga saa ya taa na urudi kuangalia asubui kabla ya kuwasha. Ikiwa uchafu umepungua sana asubui, inapanda usiku, UV itasaidia. Ikiwa iko vile vile, fikiria ingine.

Delestaji

Hapa njo UV za kwetu zinafia, hapana mu mayi.

Kuranti ikikatika, pompi inasimama, mayi ya mu tiyo inarudi chini, na kama UV imefungwa juu kuliko mayi inabakia tupu. Kuranti ikirudi, lampi inawaka papo hapo lakini pompi inaweza kukamata hewa, isivute. Sasa uko na lampi inapika ndani ya bomba kavu, plastiki inalegea, jwenti inaungua, na mutu hata haiko ku nyumba. Dawa zake: funga UV chini ya kimo cha mayi kama nafasi inaruhusu, ao weka tundu dogo mu tiyo ya kutoka, kidogo chini ya uso wa mayi, mayi ikishuka kidogo hewa inaingia pale na mayi haishuke yote. Ile tundu isukule mara kwa mara, konokono na chumvi vinapenda kuziba. Na kuranti ikirudi, weka mukono ku mudomo wa kutoka usikie kama mayi inakuja. Kama uko kazini, fundisha mutu moja wa nyumba hii kitu moja tu.

Kama uko na onduleri na batri, UV iwe ya mwisho ku liste. Ya kwanza ni pompi ya kuzungusha mayi ao ka pompi ka hewa, juu samaki inakufa na kukosa oksijeni mbele ya yote. Ya pili ni joto kama ni mwezi wa sita ao wa saba, wakati usiku wa Lubumbashi inakuwa baridi kabisa. UV inaweza kukaa bila kuranti siku nzima na hakuna kitu kitakufa. Sijui juu ya nini batu banaipenda ku batri, labda juu ya ile bluu.

Kuwasha na kuzima mara mingi kunakula lampi. Siku ya kuranti ya kuchezacheza, inakatika na kurudi kila dakika, chomoa UV yote mupaka itulie. Na volti ikishuka sana magaribi, taa ya nyumba ikiwa nyekundu nyekundu, chomoa vile vile: balasti inasumbuka na pompi inapata moto. Stabilizatere inasaidia. Gurupu ya Kichina ndogo yenye volti inaruka, usiiunganishe na UV bila stabilizatere.

Wakati wa kuizima kwa kusudi

Unapotia bakteria ya chupa, soma karatasi yake. Nyingi zinaomba UV izime siku moja mbili ao zaidi. Bakteria ya kusafisha mayi yenye tayari inaikala mu mawe haiguswe na UV, ile woga ni ya bule, lakini zile unatia kwa chupa zinaelea kwanza. Ukitia fitoplanktoni (algi ndogo za kuelea) ya kulisha korali, ao kopepodi (tududu tudogo twa chakula), zima kwa masaa kadhaa, ama hivyo unalisha lampi. Ukitia dawa pia zima: UV inavunja dawa zingine, na dawa ya shaba zingine zimefungwa na kemikali yenye UV inaweza kufungula, shaba inabakia bule mu mayi na kipimo kinaharibika. Ile ya shaba ni mu baki ya hospitali tu, ya peke yake, wala haingie hata tone moja mu akwariamu ya korali.

Ukizima lampi, pompi iache itembee. Mayi isiyotembea mu bomba inaoza, na ukiwasha tena inamwanga yote mu akwariamu. Kwa ile masaa ya kuzima lampi, chomoa waya ya lampi tu ku multiprizi.

Kuisukula na kubadilisha lampi

Kila miezi 3 ao 4 toa kwatsi. Chomoa kwanza, funga robine, mwanga mayi, ngoja lampi ipoe. Kwatsi itakuwa na ngozi nyeupe ya kalsi ama kahawia ya ute. Loweka mu vinegre nusu saa, panguse na kitambaa laini, hapana eponji ya chuma ya kusukula sufuria, itakwaruza. Suuza, kausha, angalia jwenti, rudisha. Mu akwariamu ya korali kalsi iko mingi (unaitia mwenyewe), kwa hiyo kwatsi inachafuka mbio kuliko ya mayi ya kawaida.

Lampi ya kawaida inahesabiwa masaa 8 000 ao 9 000, ni kama mwaka moja ikiwaka usiku na mchana. Nyuma ya pale inaendelea kuwaka bluu muzuri kabisa, lakini UV-C imeshuka. Njo ile tarehe uliandika. Sisi na delestaji tunaweza kuhesabu masaa na kuivutavuta, lakini kumbuka kuwasha na kuzima kunaikula vile vile, kwa hiyo mimi ningebadilisha paka mwaka moja.

Lampi nzee iko na zebaki ndani. Isitupwe mu poubeli kati ya batoto, ifunge mu karatasi na sanduku, iwekwe fasi mikono haifike. Ikivunjika mu nyumba, fungula madirisha, toa batu na paka, okota vipande na karatasi ngumu na tepi, vaa gants, hapana fagio na hapana aspirateri, vinatawanya zebaki.

Matatizo

*Inawaka lakini mayi haisafike.* Angalia kwa mupango huu: tarehe ya lampi, uchafu wa kwatsi, mayi inapita ngapi (pima tena na bidoni, pompi inachafuka na nguvu inashuka), na fasi ya kuvuta na kurudisha. Mara mingi iko moja ya hizi ine. Kama zote ziko sawa, labda ile rangi haiko ya kidudu: muchanga mupya na kalsi yenye imeanguka juu ya kutia mingi zinafanya mayi nyeupe, UV haioni.

*Samaki iko na madoa meupe, nimeweka UV, haijapona.* Haitapona na UV. Kidudu cha Cryptocaryon irritans kinaikala siku kadhaa ndani ya ngozi, kinaanguka, kinajifunga ku mawe na muchanga kwa siku ao wiki mingi, kiisha kinapasuka na kutoa batoto bya kuogelea, benye banapashwa kupata samaki mu siku moja ao mbili. UV inaweza kukamata paka bale ba kuogelea, na tena bale bamepita mu bomba mbele ya kukutana na samaki. Toa samaki yote mu baki ya hospitali, tibu kule, na akwariamu ikae bila samaki; batu bengi banahesabu siku 76. UV iache iwake mu ile wakati, haizuie kitu. Samaki mupya kila moja apite mu karantini. Klauni akianza kupumua mbio, akikaa mbele ya pompi na ngozi ikawa kama imemwangiwa unga, ile inaweza kuwa Amyloodinium, kidudu ingine chenye kinaua mbio, usingoje kesho.

*Mayi imekuwa moto.* Karibu wati zote za lampi na za pompi zinaishia mu mayi kama joto. UV ya wati 55 ku akwariamu ndogo, mwezi wa kumi, utaona kipimo kikipita 28. Ventilateri ndogo juu ya mayi inashusha digrii kadhaa, lakini mayi itakauka mbio na chumvi itapanda, ongeza mayi ya osmozi, hapana ya chumvi. Kama bado iko moto, washa UV usiku tu mupaka mvua zianze.

*Haiwake kabisa.* UV nyingi ziko na kikatizo cha usalama, kifuniko kisipokazwa mupaka mwisho haiwake. Kaza kwanza mbele ya kusema lampi imekufa. Kiisha angalia miguu ya lampi kama imeingia, kama iko na kutu ya kijani isukule. Kama lampi mupya pia haiwake, balasti imeungua. Fundi wa elektroniki anaweza kuipima, na kama anakupa ingine, wati na aina ya lampi ziwe zile zile.

*Mapovu madogo mu akwariamu.* Tiyo inavuta hewa ku kolie ya upande wa kuvuta, ao pompi iko karibu na uso wa mayi. Shusha pompi.

*Diferansieli inaruka.* Usiirudishe mara ya pili kwa kutumaini. Chomoa yote ya multiprizi, rudisha disjonteri, chomeka moja moja kuanzia pompi. Ikiruka na UV, chomoa, fungula: kama kuko mayi upande wa lampi, kwatsi ina ufa ao jwenti imechoka. Kausha miguu ya lampi, isukule na mayi ya osmozi kutoa chumvi, ikaushe siku nzima, na usirudishe lampi mbele ya kubadilisha kwatsi na jwenti. Kama lampi imevunjika mule ndani, simamisha pompi, mukono usiingie mu mayi, funga robine, na mayi yote ya bomba uimwange mu bidoni ya peke yake, hapana mu akwariamu.